Wakili wa Ajali za Barabarani Kenya: Lini Anastahili Pesa Yako, Lini Anakupunguzia Fidia

Huduma inayotathminiwa hapa haina duka moja wala nembo moja. Ni kazi ya wakili anayechukua faili la mtu aliyegongwa na gari, aliyepinduka na matatu au aliyevunjwa mguu na bodaboda, akamwandikia mwenye chombo na kampuni yake ya bima, na mambo yakikataa akafungua kesi. Miji mingi yenye mahakama ya hakimu nchini Kenya ina ofisi zinazoishi kwa kazi hii. Baadhi zinafanya kazi safi kabisa. Nyingine humwachia majeruhi kipande kidogo cha pesa zake, baada ya miaka, bila hata kumwonyesha hesabu.

Tuseme msimamo wetu mapema. Kama umevunjika mfupa, umefanyiwa upasuaji, umebaki na ulemavu, au mwenye gari anakana kosa, mtafute wakili mapema. Huduma hii itakurudishia zaidi ya unachoilipa. Kama ni michubuko na maumivu ya misuli yaliyopona ndani ya wiki chache, na dereva ameshtakiwa na kupatikana na hatia, unaweza kumalizana na bima mwenyewe. Na kama uliumia kazini, mlango wa kwanza si wa wakili hata kidogo. Hayo matatu huchanganywa kila siku, na kuchanganywa huko kunawagharimu watu pesa halisi.

Unachonunua hasa

Wengi hudhani wakili analipwa kwa kusema mbele ya hakimu. Sehemu hiyo ni ndogo. Kesi ya ajali hushinda au kuanguka kwenye karatasi, na karatasi zenyewe si nyingi: abstrakti ya polisi (hati fupi ya kituo inayothibitisha kuwa ajali iliandikishwa), rekodi za hospitali tangu saa ya kwanza, ripoti ya daktari, taarifa ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kuhusu mwenye gari, na risiti.

Abstrakti hutolewa na kituo kilichoandikisha ajali. Iangalie vizuri kabla ya kuondoka kaunta: namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), tarehe na mahali, namba za usajili za magari yote yaliyohusika, majina ya madereva, jina la kampuni ya bima na namba ya cheti chake, na jina lako likiandikwa kama abiria, dereva au mtembea kwa miguu. Kasoro inayojitokeza mara nyingi ni jina la majeruhi kukosekana kabisa, kwa kuwa alikimbizwa hospitali kabla polisi hawajafika na hakuna aliyerudi kituoni kuandikisha. Nyingine ni herufi moja ya namba ya gari kukosewa. Herufi hiyo moja inatosha kumshtaki mtu asiyehusika, na kesi ikafutwa wakati muda wa kufungua nyingine umeshapita. Wakili makini huirudisha abstrakti kituoni irekebishwe wiki hiyo hiyo. Asiye makini huiambatisha ilivyo, na wakili wa bima hukaa kimya mpaka siku ya ushahidi.

Taarifa ya NTSA huombwa kwa njia ya eCitizen kwa ada ndogo. Umuhimu wake ni kwamba kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki humhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Magari na pikipiki nyingi zimeuzwa mara mbili, mara tatu, bila logibuku, yaani hati ya umiliki, kuhamishwa. Kwa hiyo anayejua kazi hushtaki aliyeandikishwa, dereva, na pia aliyekuwa akilimiliki gari kwa vitendo siku ile kama jina lake linafahamika. Kumshtaki dereva peke yake, ambaye mara nyingi hana chochote na ameshahama mji, ni kosa la msingi.

Ripoti ya daktari ndiyo inayozaa kiwango cha fidia. Isiandikwe wiki ya kwanza. Ingoje majeraha yatulie, kisha itaje majeraha yote, matibabu yaliyotolewa, asilimia ya ulemavu wa kudumu kama upo, na matibabu yajayo pamoja na gharama zake. Hapo kwenye matibabu yajayo ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu aliyefungwa vyuma pajani au kwenye muundi huenda akahitaji kuvitoa baadaye, na gharama ya kuvitoa hulipwa tu ikiwa imetajwa na daktari na kudaiwa kwenye hati ya madai. Ikisahauliwa, hakimu hawezi kuitoa kwa huruma. Bima nayo ina haki ya kukupeleka kwa daktari wake, na ripoti hizo mbili hutofautiana karibu kila mara kwenye asilimia ya ulemavu. Nenda kwa daktari huyo ukiwa na picha zako za eksirei, mpya na za zamani, kwa sababu ripoti isiyoona picha huandika kwamba mfupa umeunga vizuri na mambo yakaishia hapo.

Risiti zinahitaji neno lake. Hasara zinazohesabika, kama vile dawa, teksi ya kwenda kliniki, magongo na ada ya ripoti, lazima zitajwe kila moja kwa kiasi chake na zithibitishwe kwa karatasi. Mahakama za Kenya ni kali sana hapa. Fidia ya maumivu hakimu anaweza kuikadiria kwa kulinganisha na hukumu zilizopita za majeraha yanayofanana. Lakini KSh 40,000 ulizomlipa daktari bila risiti zimekwenda. Vivyo hivyo kipato kilichopotea. Mwenye mshahara alete hati za mshahara; fundi, mama mboga na mwendesha bodaboda walete taarifa za M-Pesa, daftari la mauzo, leseni ya kaunti, chochote chenye tarehe.

Kisha kuna jambo ambalo mteja halioni kamwe, nalo ndilo linalotenganisha wakili wa ajali na wakili wa kila kitu. Sheria ya bima ya magari kwa watu wengine, Sura ya 405, kifungu cha 10, huilazimisha kampuni ya bima kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, lakini kwa sharti kwamba iliarifiwa juu ya kesi kabla haijafunguliwa au ndani ya siku chache zilizowekwa baada ya kufunguliwa. Arifa hiyo ni ukurasa mmoja tu. Isipotumwa, au ikitumwa bila ushahidi wa kupokelewa, unaweza kushinda kesi dhidi ya mwenye matatu na bado bima ikakugeuzia mgongo kihalali. Muulize wakili wako nakala ya arifa yenye muhuri wa bima. Akikosa kukuonyesha, una tatizo ambalo hakuna ufasaha wa mahakamani utakaolitibu.

Na hata baada ya kushinda, pesa haziji zenyewe. Kampuni ya bima haikuwa mshtakiwa katika kesi ya kwanza. Ikikataa kulipa, hufunguliwa kesi ya pili dhidi yake ya kuitaka mahakama itangaze kwamba hukumu ile ni deni lake. Wakili aliyekubaliana nawe ada bila kutaja kesi hiyo ya pili atakuja kukudai tena. Ulizia mapema.

Hesabu mbili

Hizi ni za mfano tu, lakini zinafanana na mambo yanavyokwenda.

Mwanamke amevunjika paja kwenye ajali ya matatu, akawekewa vyuma. Hakimu anamkadiria KSh 800,000 kwa maumivu, KSh 150,000 za kutoa vyuma, na KSh 120,000 za matumizi yenye risiti. Jumla KSh 1,070,000. Akionekana amechangia asilimia 20 ya ajali, kwa mfano kwa kuning'inia mlangoni, anabaki na KSh 856,000. Bila ripoti inayotaja vyuma, anapoteza KSh 120,000 papo hapo. Mgawanyo wa lawama ukisukumwa kutoka asilimia 20 hadi 50, anashuka hadi KSh 535,000. Vita vya kweli viko kwenye tarakimu hizo mbili, na katika vita hivyo mtu asiye na wakili hupigwa. Kampuni ya bima ina mawakili wanaofanya kazi hii kila siku, na wanajua hukumu zipi za kutaja ili paja lako lionekane la bei rahisi.

Sasa mwanamume aliyepata jeraha la tishu laini shingoni na begani, akatibiwa siku moja, akapewa dawa na kurudi nyumbani. Majeraha ya aina hii mara nyingi huishia kwenye KSh 100,000 hivi, pengine zaidi kidogo au pungufu. Tuseme bima inampa KSh 80,000 ndani ya miezi mitatu. Akienda kortini na kupata KSh 130,000 baada ya miaka miwili, halafu akatoa ada ya wakili, ya ripoti ya pili na nauli za kuhudhuria, amebaki pale pale au chini yake. Ofisi inayomshawishi mtu huyu afungue kesi haimtendei haki, na zipo nyingi.

Ada, na ahadi ya "utalipa ukishinda"

Ahadi hii husikika sana: hutoi hata senti, wakili atakata asilimia fulani pesa zikitoka. Inavutia, hasa kwa aliyelazwa na hana kipato. Lakini Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haiutambui mkataba unaosema wakili atalipwa ikiwa tu kesi itashinda, au kwamba kiwango cha malipo yake kitategemea kushinda na kushindwa. Maana yake kwa mteja ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa kuwa makubaliano yenyewe hayana nguvu, mara nyingi hayaandikwi, na kwa kuwa hayakuandikwa, asilimia 30 ya mdomo hugeuka kuwa 40, au nusu, siku ya hundi.

Njia inayosimama kisheria ni mkataba wa ada ulioandikwa na kutiwa saini na mteja, chini ya kifungu cha 45, au kufuata viwango vya amri ya malipo ya mawakili, iliyorekebishwa mwaka 2014. Ofisi nyingi zinakubali ada kamili inayojulikana, ikilipwa kwa awamu, nyingine ikisubiri pesa zitoke. Kusubiri malipo si kosa. Kosa ni kuyafunga malipo kwenye ushindi.

Mkataba wenyewe utenganishe vitu vitatu. Kwanza, ada ya wakili. Pili, matumizi ya faili: ada za mahakama, ripoti ya daktari, daktari au afisa wa polisi kuja kutoa ushahidi, mpeleka hati. Nani anatanguliza, na anarudishiwa vipi? Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, gharama anazolipwa mshindi. Kwa kawaida anayeshinda kesi hulipwa gharama na aliyeshindwa, mbali na fidia. Pesa hizo ni zako kisheria. Ofisi nyingi hujichukulia zote, kisha hukata ada nyingine juu ya fidia, na mteja hata hajui kulikuwa na fungu la pili. Iandikwe wazi kama gharama hizo zinapunguza ada yako au la.

Upande wa pili wa kanuni hiyo husemwa kwa nadra: ukishindwa, wewe ndiye utakayeamriwa kuwalipa washtakiwa gharama zao. Wakili asiyekutajia hatari hii siku ya kwanza amekuficha jambo ulilostahili kulijua kabla ya kuamua.

Ukipewa bili usiyoielewa, unaweza kuitaka ipimwe na naibu msajili wa Mahakama Kuu. Wakili naye hawezi kukushtaki kudai ada mpaka apitishe mwezi mmoja tangu akupe bili iliyosainiwa. Watu hulipa kwa hofu wakati sheria imewapa nafasi ya kupumua.

Wakili asipoweza kusaidia

Ajali nyingine hazina pesa nyuma yake, na wakili bora ni yule anayekwambia hivyo bure. Gari lililotoroka bila namba kusomwa halina wa kushtakiwa. Bodaboda isiyo na bima, inayoendeshwa na kijana aliyeikodi kwa siku, na mwenye pikipiki hana mali yoyote, itakupa hukumu nzuri ya karatasi. Aliyepewa lifti kwenye gari la binafsi naye aangalie: bima ya lazima haimfuniki abiria ambaye hakulipa nauli wala hakuwa akisafirishwa kwa sababu ya kazi, isipokuwa mwenye gari amelipia nyongeza. Hapo unamdai mwenye gari mwenyewe, ambaye pengine ni jamaa yako.

Kikomo kingine ni KSh 3,000,000. Hicho ndicho kiwango cha juu ambacho bima ya lazima hulipa kwa mtu mmoja. Aliyepooza anaweza kupewa hukumu mara kadhaa ya hapo, na kilichozidi hukidai kwa mwenye gari. Kama mwenye gari ni kampuni kubwa ya mabasi au ya malori, hiyo ni habari njema. Kama ni mtu mmoja mwenye matatu ya mkopo, si njema.

Kisha kuna kampuni za bima zenyewe kuanguka. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na zote zilikuwa na wateja wengi wa matatu. Kampuni ikifikia hapo, malipo husimamishwa, na kampuni ikifilisiwa, mfuko wa kuwafidia wenye bima hulipa kisichozidi KSh 250,000 kwa dai. Ndiyo maana wakati ni mali katika madai haya. Dai la haki lililomalizwa mwaka wa kwanza kwa kiasi cha wastani linaweza kuwa bora kuliko hukumu kubwa dhidi ya kampuni iliyofungwa.

Ukitaka kwenda peke yako

Kwa majeraha madogo njia ni fupi. Maliza matibabu kwanza. Andika barua ya madai kwa mwenye gari, nakala kwa kampuni ya bima, ukieleza tarehe, mahali, namba ya gari, namna ajali ilivyotokea, majeraha na kiasi unachodai. Ambatisha nakala za abstrakti, kadi ya matibabu, ripoti ya daktari, risiti na kitambulisho. Peleka mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bima ikikaa kimya au ikikuzungusha bila sababu, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima hupokea malalamiko bila malipo.

Ofa ikija, itakuja na hati ya kuachilia madai yote. Isome polepole. Ukisaini, umemaliza, hata kama mwezi unaofuata daktari ataona ufa ambao haukuonekana. Hii ndiyo sababu ya kutosaini chochote ukiwa bado wodini, hata anayekuletea karatasi awe mpole kiasi gani. Kama kuna ganzi, maumivu yanayorudi, kuumwa kichwa baada ya kugongwa, au mfupa usiounga, acha mazungumzo na utafute wakili. Hata mashauriano ya saa moja ya kulipia, bila kumkabidhi faili, ni matumizi mazuri sana kabla ya kusaini. Tunashangaa ni wachache kiasi gani hununua saa hiyo moja.

Kuhusu Mahakama ya Madai Madogo, inayoshughulikia madai yasiyozidi KSh 1,000,000 na kutakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60: sheria yake inataja fidia ya majeraha ya mwili, na mtu anaruhusiwa kujiwakilisha. Lakini majaji wa Mahakama Kuu wamekuwa wakivutana kuhusu kama madai ya ajali za barabarani yanafaa kuingia humo. Kwa dai lenye mgogoro wa nani mwenye kosa, tungependelea mahakama ya hakimu. Hakimu mkazi ana uwezo wa hadi KSh 5,000,000 na hakimu mkuu hadi KSh 20,000,000, hivyo nafasi ipo tele.

Walioumia kazini

Mfanyakazi aliyekatwa kidole na mashine, aliyeanguka jukwaani kwenye ujenzi, au utingo aliyeumia akiwa kazini huongozwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA. Mahakama ya Juu iliithibitisha tarehe 3 Desemba 2019, na tangu hapo anayekimbilia kortini moja kwa moja kumshtaki mwajiri anajitafutia kesi kufutwa. Mwajiri anatakiwa kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7. Fomu ni DOSH/WIBA 1, na ina sehemu ya daktari. Dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Baada ya tathmini, hutolewa fomu DOSH/WIBA 4 yenye kiasi.

Hesabu yake haihitaji mwanasheria. Ulemavu wa kudumu wa asilimia 100 ni mishahara ya miezi 96, na ulemavu wa sehemu ni asilimia ya hapo. Mwenye mshahara wa KSh 20,000 na ulemavu wa asilimia 10 anastahili KSh 192,000. Kumlipa mtu theluthi ya kiasi hiki kwa kujaza fomu mbili ni kujidhulumu. Wakili ana nafasi pale mwajiri anapokana kwamba ulikuwa mfanyakazi wake, asilimia ikiwa imeshushwa bila sababu na unataka kuweka pingamizi ndani ya siku 60, au mwajiri akikaa na fomu ya pili bila kulipa.

Kumchagua

Anza kwa kukataa anayekujia. Mtu aliyevaa nadhifu anayezunguka wodi ya mifupa au kituo cha polisi akiuliza nani ana wakili ni dalali, na kutafutiwa wateja kwa namna hiyo kumekatazwa na Sheria ya Mawakili. Dalali anakatwa kutoka mahali fulani, na mahali hapo ni fidia yako. Pili, jina la wakili litafute kwenye orodha ya mtandaoni ya Chama cha Mawakili Kenya uone kama ana leseni ya mwaka huu. Leseni hutolewa kila mwaka. Hati zilizotayarishwa na asiye nayo huzua mabishano ambayo wewe huna haja nayo.

Kisha muulize maswali ya kazi. Gari limeandikishwa kwa jina la nani? Bima ni ipi, na cheti kilikuwa hai siku ile? Kuna abiria wengine walioshtaki, na kuna makubaliano ya kutumia kesi moja kupima lawama kwa wote? Dereva alishtakiwa kwa kosa la trafiki, na kesi ile imefika wapi? Hukumu ya hatia kwenye kesi ya trafiki haiwezi kupuuzwa katika kesi yako, ingawa bado unaweza kuonekana umechangia. Anayejibu kwa kutazama karatasi zako ana uzoefu. Anayekutajia mamilioni kabla ya kuona eksirei, ondoka.

Na mwulize tarehe. Madai ya uzembe yana miaka mitatu tangu siku ya ajali. Gari likiwa la Serikali, ni miezi 12 tu. Kwa mtoto, saa huanza kuhesabu akitimiza miaka 18, lakini kungoja mpaka hapo ni kupoteza mashahidi. Kuongezewa muda kunawezekana kwa sababu finyu sana, na kutojua sheria si mojawapo. Faili linaloletwa kwa wakili miezi miwili kabla ya miaka mitatu kuisha hufunguliwa haraka haraka, likiwa na makosa yale yale ya namba za magari na majina.

Faili likishafunguliwa, lifuatilie mwenyewe. Chukua namba ya kesi, si maneno ya karani. Tangu mwaka 2024 kesi huwasilishwa kwa mtandao nchi nzima, na orodha za kesi za siku hutangazwa, kwa hiyo tarehe inaweza kuthibitishwa bila kumbembeleza mtu. Kesi isiyopigwa hatua yoyote kwa mwaka mmoja inaweza kufutwa kwa uzembe wa mdai, na uzembe huo, hata ukiwa wa wakili, utaandikwa kwa jina lako.

Pesa zikitoka, bima hulipa kwenye akaunti ya wateja ya ofisi ya wakili. Hapa ndipo huduma hii inapoangusha watu vibaya kuliko popote. Dai vitu viwili kwa maandishi: barua ya bima au uthibitisho wa benki unaoonyesha kiasi kilicholipwa na tarehe, na hesabu inayoonyesha fidia, gharama za mshindi, matumizi na ada, kila kimoja kwa mstari wake. Usisaini kupokea kabla ya kuona vyote viwili. Wakili akikaa na pesa zako, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, bila ada, yakiambatishwa na mkataba, namba ya kesi na ushahidi wa malipo. Yakiwa mazito hufika kwa jopo la nidhamu, ambalo linaweza kumfuta kwenye orodha ya mawakili.

Kuhama wakili kunaruhusiwa wakati wowote, ila kwa bei tofauti. Kabla ya hukumu ni notisi tu inayowasilishwa mahakamani. Baada ya hukumu inahitaji ruhusa ya mahakama au maafikiano ya wakili wa zamani na mpya, na yule wa zamani anaweza kuzuia faili mpaka alipwe anachodai. Kwa hiyo ukiona simu hazipokewi na nakala ya arifa kwa bima haionekani, fanya uamuzi huo mapema, ukiwa bado na miezi ya kutosha ndani ya ile miaka mitatu.